Mgeni Tuliyempigia Makofi

Yusta mwanangu,

Mama yako amekufungia begi, akalifungua, na sasa analifunga upya. Neti, dawa za malaria, kitenge cha kujifunika kwenye treni, sijui malimau ya kichefuchefu, yote ameshakuambia na kesho tukienda Kilosa atakuambia tena, kwa hiyo huko mimi sigusi. Ukikosa kitu Kasulu utanunua. Watu wa Kasulu nao wanakula na kuvaa, hawaishi juu ya miti.

Nakuandikia kwa sababu kwa mdomo nitashindwa. Najua utacheka, maana baba yako si mtu wa kuishiwa maneno. Hapa Mikumi wananijua kwa mageti ninayochomelea pale barabarani na kwa sauti niliyosomea matangazo kanisani miaka mingi, sauti ambayo mama yako anasema ilikuwa inawaamsha hata waliolala kihalali. Lakini ipo habari moja ambayo kila nikitaka kukuambia ulimi unakuwa mzito, naishia kukuuliza kama umekula. Ni habari ya Abera.

Usiseme unaijua. Unajua ile ambayo mtaa mzima unaijua, na mtaa unajua nusu. Siku ile ulipokuja na barua ya ajira, na mama yako akapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka, mimi nilikwenda zangu uani. Ulidhani sikufurahi. Nilifurahi, mama, na papo hapo nikaogopa. Nilijiuliza kama unakwenda kuwahudumia wakimbizi kwa sababu moyo wako uko huko, au unakwenda kusafisha alipochafua baba yako. Sijakuuliza mpaka leo. Nakueleza yaliyotokea, jibu utajipa mwenyewe.

Ulikuwa darasa la sita. Wakati ule, kama ilivyo sasa, vijana wa Ethiopia walikuwa wakipitishwa kwenye barabara yetu hii kwenda kusini, wamefungiwa ndani ya malori pamoja na mizigo. Dereva akisikia mbele kuna kizuizi anawashusha porini, anaondoka. Wengine walikamatwa wakiwa hawawezi hata kusimama kwa kiu. Sisi wachache wa kanisani tukaanza kuwapelekea uji, maji na nguo mahabusu walikowekwa, kwa ruhusa ya wakubwa wa pale. Baadaye tukajulikana na shirika moja la Dar es Salaam linalowasaidia kisheria wanaoomba hifadhi. Likatupa namba ya wakili, na namba ya mkalimani wa kujitolea, Mwethiopia aliyekuwa ameishi nchini kwa muda mrefu.

Niliipenda kazi ile. Nilipenda pia kuonekana naifanya, na hili ndilo watu wengi wa kujitolea hatulisemi. Mtu akinikuta njiani na ndoo ya uji akaniuliza naipeleka wapi, nilikuwa na jibu refu.

Abera aliletwa kwetu alfajiri na Lekishoni, yule mfugaji aliyekuwa na boma upande wa mbugani. Unajua sisi wakulima tunavyowasema wafugaji. Wamelisha mahindi yetu, wamekanyaga mpunga wa watu Kilangali, basi hatuoni jema kwao. Lekishoni aliniamkia, nikaitikia marahaba kwa mkato, nikidhani amekuja kusuluhisha mambo ya ng'ombe. Nyuma ya pikipiki yake alikuwa amekaa kijana mrefu amefunikwa shuka mpaka usoni. Walikuwa wamemwokota porini, wakakaa naye bomani wakimnywesha maziwa mpaka akapata nguvu za kutembea. Sasa walikuwa wanahama na mifugo, hawawezi kwenda naye.

"Lakini asionekane, mzee," Lekishoni aliniambia. "Kuna watu wanamuulizia mnadani."

Siku hiyohiyo nilimpigia mkalimani, nikampa Abera simu. Alikaa kwenye kile kigoda cha jikoni, akaongea kwa sauti ndogo, na kila akinyamaza mkalimani alinieleza. Walikuwa wamefungiwa ndani ya kontena. Hewa iliisha. Waligonga, wakapiga kelele, gari halikusimama. Lilipokuja kufunguliwa porini, wengi walikuwa wameshakufa, na waliofungua wakaanza kuwaburuta nje kwa miguu. Abera alijilaza kati ya maiti, kisha akakimbia. Aliwaona sura, hasa mmoja aliyekuwa akiwapa wenzake amri. Na kwao hakuweza kurudi, kwa sababu waliochoma nyumba yao walikuwa wakimjua kwa jina.

Wakili naye akanipigia. Alisema atafika Jumanne, tutakwenda na Abera ofisini kwa utaratibu, aombe hifadhi na atoe ushahidi. Mpaka hapo asionekane na watu. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mambo hayo nayajua.

Alikaa kwenye chumba cha nyuma, kile ninachowekea vyuma. Unamkumbuka bado? Alikuwa na umri kama wako wa sasa, na alicheka kwa kuziba mdomo. Kiswahili chake kilikuwa cha njiani: maji, hapana, asante, baba. Siku za mwanzo aliuangalia ugali bila kuugusa, nikamnung'unikia mama yako kwamba huyu mkimbizi gani anachagua chakula. Mama yako aliniambia, "Wewe kwa mama yangu ulikataa mlenda mwaka mzima, na hukuwa umekimbia chochote." Moyoni niliendelea kukasirika. Nilitaka ale ugali wangu na ashukuru. Utakutana na hasira hiyo huko uendako, ndani yako mwenyewe, siku umechoka na mtu uliyempa blanketi amelalamika kwamba linawasha. Ikikujia, ujue imetoka tumboni mwako, haikutoka kwake.

Jambo lililonimaliza ni zuri, na ndiyo maana sikuliona likija. Mlikuwa mnafanyia mazoezi ya kwaya uani kwetu, na Abera akiwa ndani alisikia wimbo anaoujua. Maneno ni tofauti ila tuni ni ileile. Akaimba nanyi kwa chini, kwa lugha yake, na mama yako akaacha kuchambua mchele akasikiliza. Jumamosi Abera akanishika mkono, akaelekeza kidole upande wa kanisa, akakunja viganja. Alitaka kusali. Nani angemkatalia mtu kusali? Mama yako alisita. Mwishowe akasema aende, lakini wakae wote wawili nyuma kabisa, karibu na mlango wa pembeni, na watoke kabla ya matangazo. Nikakubali. Narudia ili ulielewe vizuri: nilikubali.

Hapa itabidi nikurudishe milimani, kwa babu yako. Kule juu ya Kilosa nilikokulia, mgeni akiingia kijijini hawekwi ndani. Anapelekwa nyumba kwa nyumba aonekane, watu wamjue jina, kwao na aliyemleta. Aliyefichwa ni mwizi au ana mkosi. Mgeni akishajulikana na kila mtu hapotei, kwa sababu kila mtu ni shahidi wake. Nimelelewa hivyo, na misheni ikaongeza yake: shuleni mgeni alisimamishwa mbele tukamwimbia, kanisani vilevile, mpaka leo. Kumtambulisha mtu, kwa akili yangu, kulikuwa ni kumlinda. Sisemi hivyo ili nijitetee. Nataka uone kwamba kosa langu halikutoka kwenye ubaya. Lilitoka kwenye adabu, na adabu mtu haishtukii.

Jumapili ile kasisi kiongozi alikuwa amekuja kutoka Kilosa, na kulikuwa na kwaya ya wageni kutoka Ruaha. Kanisa lilijaa mpaka watoto wakakaa chini. Nilivaa koti. Nilisoma ndoa, nikasoma michango ya paa, nikafika kwenye wageni. Watu wa Ruaha wakasimama, tukawapigia makofi, kasisi akatania kwamba mgeni njoo mwenyeji apone, watu wakacheka. Nikainua macho. Abera alikuwa bado amekaa. Wimbo ulikuwa umechelewa kwisha, na mama yako alikuwa amebanwa na watu, anawaomba wampishe.

Ningeweza kufunga karatasi yangu nikakaa. Lakini kasisi kiongozi alikuwa pale mbele, na kikundi chetu hakuwa amewahi kukisikia. Mdomo ukaniponza. Nikasema tunaye mgeni mwingine, ametoka mbali kuliko wote, amepita mateso makubwa, na Mungu amemleta mikononi mwa kikundi cha kanisa hili. Nikamwita kwa jina lake, asimame tumwone.

Hakusimama. Nikamwona amekaza macho upande wa wanaume, safu za katikati, kisha akanitazama mimi. Akasema, "Baba, hapana." Maneno mawili kati ya manne aliyokuwa nayo. Mimi, kwenye kipaza sauti, nikamjibu, "Usiogope, hapa ni nyumbani." Nilidhani ni haya. Wazee waliokuwa karibu naye wakamshika mabega kwa upendo, wakamwinua. Kanisa zima likapiga makofi, na ninyi watoto wa kwaya mkaanza ule wimbo wa kumkaribisha mgeni. Alisimama pale akilia, na sisi tukadhani tumemgusa moyo.

Kwenye safu za katikati alikaa yule mnunuzi wa mpunga. Alikuwa na miezi michache tu kanisani kwetu, ana gari dogo la mizigo, mpole, anawaamkia hata waliomzidi miaka miwili. Kwenye mnada wa sadaka hakuna aliyemshinda bei. Siku ile, baada ya ibada, alinunua kuku aliyetolewa na bibi mmoja, tetea mwekundu amefungwa kamba mguuni, akatembea naye mpaka alipokuwa Abera, akamwekea mikononi. Akasema kwa sauti ya kusikika kwamba ni zawadi ya mgeni, akampa mkono, akaushikilia. Watu wakapiga makofi tena. Mimi nilikuwa mbele yao kwa kupiga.

Tulipofika nyumbani Abera alimwachia kuku chini, akaingia chumbani kwake. Baadaye akatoka, akaanza kunieleza kwa mikono. Akachora kontena hewani, akashika shingo yake, akaonyesha kuku, akaonyesha kanisa. Leo nikikumbuka naona ilikuwa wazi, hata mtoto angeelewa. Nilimpigia mkalimani, simu yake ilikuwa imezimwa, ni Jumapili. Nikampigapiga Abera mgongoni, nikamwambia kesho. Nilikuwa nimechoka, na bado nilikuwa na furaha ya zile sifa. Kasisi kiongozi alikuwa amenishika mkono kwa mikono yake miwili.

Asubuhi mama yako alimpelekea chai akakuta blanketi limekunjwa vizuri na shati nililompa halipo. Tulimtafuta huku tukiogopa kuuliza. Wakili alifika Jumanne kama alivyoahidi, akakuta chumba chenye vyuma na baba yako amekaa mlangoni. Hakunifokea. Aliniuliza ni nani walimwona, na mimi sikuwa na jina la kumpa, kwa kuwa walikuwa wote.

Walimkuta mwisho wa wiki, kando ya barabara inayokatiza hifadhini. Tuliambiwa amegongwa na gari. Huenda ni kweli, barabara ile inaua hata twiga. Huenda alikuwa anatembea kurudi alikotoka, au kumtafuta Lekishoni, au kulikuwa na mkono wa mtu. Nilitoa maelezo, wakili akatoa yake. Mnunuzi wa mpunga hakuonekana tena Mikumi, na lile jina alilotupa lilikuja kujulikana kwamba si lake. Hakuna aliyeshtakiwa mpaka leo. Sijui kilichomuua Abera, Yusta. Najua kilichomtoa kwangu.

Tulimzika sisi. Waliompigia makofi hawakuja. Ilikuwa siku ya kazi, na wengine waliogopa kuulizwa maswali. Lekishoni alisikia huko alikokuwa, akaja, akachimba nasi, na mwisho akaniambia kitu kimoja tu: "Sisi tulikaa naye, mzee, na hakuna aliyejua." Ukafika wakati wa kusoma historia ya marehemu, na kwa kuwa kazi hiyo ni yangu kila msiba, wakanigeukia. Sikuwa na cha kusoma. Mtu amelala kwangu, amekula kwangu, na sikuwa najua jina la baba yake, wala kijiji chao, wala kama alisoma, wala ana ndugu wangapi. Nilikuwa nayajua mateso yake tu. Ndiyo niliyoyatangaza kanisani, hayo mateso, nikaona nimemtambulisha. Nilisema jina lake, nikakaa.

Jioni ile ulinijia nikiwa nasafisha jembe. Ukaniuliza, "Baba, alilia kwa sababu tuliimba vibaya?" Nikakuambia uende ukachote maji.

Mliimba vizuri, mama. Mliimba vizuri kabisa. Nimechelewa kukujibu, na ninajua maana yake kwa mtoto kukaa na swali kama hilo. Kama ni hilo linalokupeleka Kasulu, basi litue hapa Mikumi, niachie mimi. Nenda na mengine.

Baadaye niliacha kusoma matangazo. Nilidhani nitakuwa nimejiadhibu. Wakasema angalieni unyenyekevu wa mzee huyu, wakanichagua mzee wa kanisa. Ndivyo ilivyo kazi hii. Hata aibu yako watu wataigeuza sifa ukiwaachia, na mara nyingi tunawaachia. Kikundi kilipungua, tukabaki watu wa kuhesabika kwa mkono mmoja, na bado tunapeleka uji kama unavyoona. Nikiulizwa njiani naipeleka wapi ndoo, nasema mbele.

Huko utaona mambo. Watakuja wageni wa shirika, wenye kutoa, na watu wazuri tu. Utaambiwa uwapange kina mama mstari waimbe, mtoto mmoja asimame aseme asante, mwingine aeleze alivyokimbia, picha ipigwe. Sikukatazi kazi yako, na sijui sheria za ofisi. Ila utakapomwita mtu mbele, mwangalie macho yake yanatazama wapi, hata kama yeye mwenyewe amekubali. Akisema hapana kwa lugha yoyote, kaa chini wewe.

Sasa nafika ninapopaogopa.

Abera alimwachia mkalimani namba ya mama yake. Baada ya maziko tukapiga, mimi na mkalimani na yule mama, kila mmoja alipo. Mkalimani akamweleza habari ya gari na barabara. Alilia kwa muda, sisi tukisikiliza. Kisha akauliza swali lake moja: mwanawe alipokufa, huko kulikuwa na watu wanaomjua? Nikajibu haraka, kwa ile sauti yangu. Nikasema ndiyo, mama, kanisa zima lilimjua. Alisimama mbele ya watu, wakamwita kwa jina, wakamwimbia, wakampigia makofi, wakampa kuku. Mkalimani akatafsiri. Yule mama akasema maneno mengi, na mkalimani akanipa yote: Mungu awabariki, alikuwa akiogopa mwanawe amekufa njiani kama asiye na mtu, sasa ataweza kulala.

Nilisema amina. Ningeweza kusema mengine, nikasema amina.

Tangu hapo kila mwaka sikukuu yao ikifika mkalimani hunipigia, ananipa salamu za yule mama. Ananiita kaka. Ameisimulia habari ya kanisa letu kijiji kizima, na wafiwa wengine wanakuja kuisikiliza. Nimegombana na mama yako juu ya hili mara nyingi mkiwa mmelala. Yeye anasema nikae nalo. Anasema ukweli wangu utamsaidia nani, kwamba nataka tu mama mfiwa anitue mzigo nilioubeba kwa haki. Na mimi naijua nafsi yangu, hata kuungama ingependa kuungamia kwenye kipaza sauti. Kwa hiyo nilinyamaza, na nikakubaliana naye kwamba kunyamaza ndiyo adhabu.

Wiki hii, wewe ukiwa umekwenda Kimamba kuwaaga shangazi zako, mkalimani amenipigia, na si sikukuu. Yule mama ana mtoto mwingine wa kiume, mdogo wake Abera. Amekua. Hakuna kazi, kuna vurugu, na ameshapata watu wa kumsafirisha kusini. Ataondoka mvua zao zikikatika. Mama yake alikuwa amemkatalia muda wote, sasa ameridhia, kwa sababu ya kanisa letu. Amemwambia mwanawe kwamba njiani kuna mji unaitwa Mikumi. Akifika hapo aombe kushushwa, aulize kanisa, aingie, asimame mbele ya watu, aseme yeye ni ndugu yake Abera. Hapo atakuwa amefika kwa watu wake.

Mkalimani akaniuliza amjibu nini huyo mama.

Nikasema, "Mwambie karibu."

Ndiyo, Yusta. Nimelelewa hivyo, mgeni haambiwi asije, neno likatoka lenyewe kabla sijajua nimefungua mdomo. Mkalimani akashukuru, akakata. Nimekaa na neno hilo siku zote hizi, nimechomelea mageti mawili yakatoka yamepinda. Mama yako nimemweleza leo jioni. Safari hii hakubishana nami. Alikwenda kufungua begi lako na kulipanga upya, na ndilo bado analipanga.

Nimezungumza na wakili. Anayo ya kumwambia kijana huyo juu ya mahali pa kuomba hifadhi pasipo kuingia kwenye kontena la mtu, na shirika litamtafuta kwa njia yake. Hayo ni yao. Yule mama hatawasikiliza, kwa sababu ana neno langu, na neno langu linampendeza zaidi. Wa kulifuta neno hilo ni mimi. Nikilifuta nitamnyang'anya usingizi niliompa, na atanichukia, na atakuwa na haki.

Barua hii nitaiweka juu ya begi uisome kabla hujaniamkia. Kesho Kilosa tutafika mapema kuliko treni. Mama yako atakaa na mizigo, mimi na wewe tutatafuta mahali pasipo na watu, nimpigie mkalimani amuunganishe yule mama. Nitamwomba asinilainishie maneno. Nimeyaandika hapa ili nisije nikayakwepa: Abera alinikatalia, nikamsimamisha kwa nguvu mbele ya mtu aliyekuwa akimtafuta, na ndiyo maana amekufa. Mdogo wake asije kwa kulitegemea kanisa lile.

Wewe kaa karibu nami, ushike karatasi hii. Ukisikia nimesema karibu, ninyang'anye simu, uyasome wewe.

Baba yako